Hekima ya Watu Waliotumwa

Manung'uniko ya kwanza baina ya ndugu na ndugu katika kanisa la Yerusalemu hayakuwa juu ya mafundisho, wala juu ya nani awe mkubwa. Yalikuwa juu ya chakula cha wajane.

Habari hiyo imo katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, nayo imeandikwa kwa maneno machache. Waumini wa siku zile walikuwa wa namna mbili. Wengine walikuwa Waebrania, wenyeji wa nchi, waliosema Kiaramu. Wengine walikuwa Wayahudi waliolelewa katika miji ya ng'ambo, ambao lugha yao ilikuwa Kiyunani, na pengine lugha ya babu zao waliijua kwa shida. Kila siku palikuwa na mgao wa riziki kwa wajane, na hawa wa namna ya pili waliona ya kuwa wajane wao wanarukwa. Kitabu hakisemi kwamba walirukwa kwa kusudi. Huenda wagawaji walimkumbuka jirani wakamsahau mgeni, kama itokeavyo mahali pengi penye mgao. Lakini mjane aliyerudi nyumbani na kikapu kitupu hakushibishwa na habari kwamba amesahauliwa tu.

Yafaa kutazama kwa makini yale waliyoyafanya Mitume. Wale Thenashara walikuwa watu wa nchi ile ile, na kwa lugha yao walihesabiwa upande wa Waebrania. Kwa hiyo lawama iliwagusa wao na jamaa zao. Wangaliweza kuwaambia walalamikaji kwamba wana wivu. Wangaliweza kuunda kamati ya rafiki zao ili ichunguze jambo lile mpaka lisahaulike. Badala yake waliwakusanya waumini wote, wakasema waziwazi kwamba kazi ya kuhubiri na kazi ya kuangalia meza za chakula haziwezi kufanywa vema na watu wale wale, kisha wakawataka waumini wenyewe wachague watu saba. Sifa zilizotakiwa zilikuwa tatu: wawe watu wanaoshuhudiwa wema, wawe wamejaa Roho, na wawe na hekima.

Majina ya wale saba yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani, na huyo Nikolao hakuzaliwa Myahudi kabisa, bali alikuwa mwongofu wa mji wa Antiokia. Ni kweli kwamba hata katika nchi ya Wayahudi watu wengine walipewa majina ya Kiyunani. Miongoni mwa Thenashara wenyewe walikuwamo Andrea na Filipo. Lakini saba kwa saba ni vigumu kusema kuwa ni bahati tu. Yaonekana ya kuwa mkutano uliwapa mizani watu wa upande ule ule uliolalamika kwamba umepunjwa, na Mitume wakawawekea mikono bila kinyongo. Si wakubwa wengi, wa dini au wa dunia, ambao wamepata kuondoa lalamiko kwa njia hiyo.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa Biblia hulipita upesi. Katika maandishi ya Kiyunani ya kitabu cha Matendo, neno lililofasiriwa hekima laonekana mara 4 tu, na zote zimo katika sura ya 6 na ya 7. Mara ya kwanza latajwa kwa ajili ya hao saba waliochaguliwa kugawa chakula. Mara ya pili lamhusu Stefano, ambaye washindani wake hawakuweza kumjibu. Mara ya tatu ni Yusufu mbele ya Farao, na mara ya nne ni Musa aliyefundishwa elimu ya Wamisri. Wale Thenashara hawapewi neno hilo hata mara moja katika kitabu kinachoitwa kwa jina lao! Tena, katika mambo hayo manne, mawili ni ya watu waliokabidhiwa chakula cha wenye njaa, kwa maana Yusufu naye ndiye aliyeweka nafaka ya Misri kwa miaka ya njaa. Mwandishi wa Matendo, ambaye mapokeo husema ni Luka, hakuitafuta hekima mbali na ghala.

Kuhusu elimu ya Mitume, kitabu chasema bila kificho. Petro na Yohana waliposimamishwa mbele ya baraza kuu ya Wayahudi, wazee wale walitambua ya kuwa hawa ni watu wasio na elimu, watu wa kawaida tu, wakastaajabu kuona jinsi wanavyosema pasipo hofu. Maana ya kwanza ya neno la Kiyunani lililotumika ni mtu asiyejua herufi, ingawa katika baraza ile yumkini maana yake ilikuwa mtu asiyesoma Torati chini ya walimu wakuu. Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi wa ziwa la Galilaya, na Mathayo alikuwa mtoza ushuru. Katika baraza ile mwenye shauri la busara alikuwa mtu wa upande wa pili, Gamalieli, Farisayo na mwalimu wa sheria. Yeye aliwaonya wenzake wasiwaguse watu hao, akasema kwamba jambo la wanadamu huanguka lenyewe, na jambo la Mungu halizuiliki. Wenzake wakalikubali shauri lake, lakini hawakuwaacha Mitume waende zao kabla ya kuwachapa. Luka hakuona haya kuandika shauri jema lililotoka kinywani mwa mtu asiyekuwa wa kundi lake.

Lugha ya Kiswahili yaweza kumsaidia msomaji hapa. Mtume ni mtu aliyetumwa, na ndiyo maana hasa ya neno la Kiyunani ambalo wazungu wamelichukua kama lilivyo. Basi mtume hatoi lake. Amebeba la aliyemtuma. Nalo neno hekima tumelipata kwa Kiarabu, na shina lake ni lile lile la hakimu na hukumu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili, iliyotolewa nzima mwaka 1952 kwa lugha moja kwa ajili ya makanisa ya bara na ya pwani, walilitumia neno hilo la hekima, na wakalipata pamoja na jamaa zake wote. Mwenye kusikia hekima kwa Kiswahili husikia nyuma yake mtu anayeketi kuamua baina ya wawili. Wazee husema mjumbe hauawi. Desturi hiyo haikuwafaa Mitume, kwa maana Yakobo mwana wa Zebedayo aliuawa kwa upanga na Herode Agripa, kabla Herode mwenyewe hajafa mwaka 44.

Shauri gumu kuliko yote waliyopata kuliamua lilitokea kama mwaka 49. Katika Antiokia, mji mkubwa wa Shamu, watu wengi wa Mataifa walikuwa wameamini kwa kuhubiriwa na ndugu waliotawanyika, na Barnaba na Paulo walikuwa wakiwafundisha. Wakaja watu kutoka Uyahudi wakawaambia kwamba asiyetahiriwa kwa desturi ya Musa hawezi kuokoka. Jambo hilo halikuwa dogo. Kwa Myahudi, tohara ilikuwa agano la Mungu na Ibrahimu, na watu wake walikuwa wamekufa ili wasiiache, hasa zamani za mfalme Antioko, zaidi ya miaka 200 kabla ya siku zile. Kwa mtu mzima wa Antiokia, kulikuwa kumwambia ya kuwa ubatizo wake ni nusu, na kwamba kabla ya kuketi pamoja na ndugu zake sharti aache kuwa mtu wa kwao. Kila upande uliona kwamba ukishindwa, imani yenyewe imeshindwa.

Wakapelekwa wajumbe Yerusalemu. Mkutano ule, ambao habari zake zimo katika sura ya 15, haukuanza kwa utulivu. Palikuwa na mabishano mengi kwanza. Kisha Petro akasimama, naye hakutoa hoja ya kitabu. Alikumbusha jambo aliloliona kwa macho yake nyumbani kwa akida Kornelio, jinsi Roho alivyowashukia watu wasiotahiriwa kama alivyowashukia wao. Barnaba na Paulo wakasimulia safari yao, na mkutano ukanyamaza ukiwasikiliza. Mwisho akanena Yakobo, ndugu yake Bwana, ambaye hakuwa mmoja wa wale Thenashara lakini alikuwa mkuu wa kanisa la Yerusalemu na mtu wa kushika Torati kwa bidii. Wenye kutaka tohara bila shaka walimtegemea yeye. Yakobo alilinganisha habari ya Petro na maneno ya nabii Amosi, akaona zimepatana, akaamua kwamba watu wa Mataifa wasitaabishwe. Ila wajiepushe na mambo 4: vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, uasherati, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na damu.

Watu wengi wamejiuliza kwa nini mambo hayo manne, na matatu katika hayo yahusu chakula. Maelezo yaliyo karibu zaidi na kweli ni kwamba Yakobo aliufikiria ule wakati wa kula. Myahudi na mtu wa Mataifa wakiisha kuwa ndugu, wataketi kwenye meza moja, na Myahudi hawezi kula penye damu. Basi kila upande uliombwa kitu. Mmoja uliacha dai lake kubwa, na wa pili uliacha vitoweo vichache kwa ajili ya ndugu.

Barua yao nayo yastahili kusomwa na kila katibu wa chama. Ni fupi. Yawataja kwa jina wanaoandikiwa, ndugu wa Antiokia, Shamu na Kilikia. Yakiri ya kwamba wale waliowasumbua walitoka Yerusalemu, lakini yasema kwamba hawakuagizwa na mtu. Yawasifu Barnaba na Paulo ambao walikuwa wamechafuliwa jina. Tena haikutumwa peke yake. Walichaguliwa watu wawili wa Yerusalemu, Yuda aitwaye Barsaba na Sila, waende nayo wakaseme kwa midomo yao yale yaliyoandikwa, maana barua iliyoletwa na upande ulioshinda kesi huweza kutiliwa shaka. Ndugu wa Antiokia walipoisoma walifurahi.

Mtu angependa habari iishe hapo, lakini Maandiko hayakuwapamba Mitume. Sura ile ile ya 15 yasema ya kuwa Paulo na Barnaba waligombana kwa ukali juu ya kijana Yohana Marko, hata wakaachana, mmoja akaenda Kipro na mwingine Shamu. Na Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wagalatia, asimulia jambo lililo zito zaidi. Petro alikuwa Antiokia akila pamoja na watu wa Mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga nao kwa kuogopa lawama, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akamkabili mbele ya watu wote. Wataalamu hawakubaliani kama jambo hilo lilitokea kabla ya mkutano wa Yerusalemu au baada yake. Vyo vyote vile, mtu aliyejua haki, na tena aliyeitetea kwa kinywa chake, aliiacha alipotazamwa na watu wa kwao. Palipo na wazee haliharibiki neno, husema methali. Siku ile neno liliharibika, na mzee alikuwapo.

Habari hiyo iliwasumbua sana Wakristo wa zamani. Maadui wa dini walicheka wakisema, kama wakubwa wenu waligombana, mtaamini nini? Kwa hiyo walitokea wafasiri waliosema kwamba ugomvi ule haukuwa ugomvi wa kweli. Petro na Paulo walipatana kwanza faraghani, wakauigiza mbele ya watu ili kuwafundisha. Mmoja wa walioshika maelezo hayo alikuwa Yeronimo, mtu mwenye elimu kubwa aliyeishi Bethlehemu, ambaye ndiye aliyefasiri sehemu kubwa ya Biblia ya Kilatini.

Walioyakataa maelezo hayo kwa nguvu walikuwa Waafrika wa kaskazini. Kabla ya Yeronimo kuzaliwa, Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, alikwisha kuandika kwamba Petro alipopingwa na Paulo hakujivuna kuwa ndiye aliyechaguliwa kwanza, wala hakumdharau Paulo kwa kuwa alikuja nyuma na zamani alilitesa kanisa, bali alilipokea shauri la kweli. Kisha akaja Augustino, wa mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba katika nchi ya Aljeria. Karibu na mwaka 395, akiwa bado hana jina kubwa, alimwandikia Yeronimo akimwuliza: ikiwa Mtume ameandika katika barua yake jambo ambalo si kweli, hata kwa nia njema, mtu atajuaje ni neno lipi la Maandiko la kuaminiwa?

Barua ile ilipata mkosi. Aliyekuwa aende nayo hakusafiri, na nakala zake zikasomwa na watu wa Italia miaka kadhaa kabla haijamfikia mwenyewe. Yeronimo alipopata habari alikasirika. Alidhani ya kuwa askofu kijana anajitafutia sifa kwa kumshambulia mzee, akamjibu kwa maneno yenye miiba. Na mtu akitazama vema ataona kwamba wawili hao walikuwa wamo katika jambo lile lile walilokuwa wakilifasiri, mmoja akimsahihisha mwingine aliye mkubwa kwake, mbele ya watu wote. Augustino aliomba radhi kwa yale yaliyotokea bila kuiacha hoja yake. Katika barua ndefu aliyoiandika kama mwaka 405, alisema kwamba Paulo alionyesha ushujaa kwa kusema kweli, lakini mfano wa Petro ulikuwa wa nadra zaidi na mtakatifu zaidi, maana ni vigumu kwa mkubwa kukubali kuonywa na aliyekuja baada yake. Akaongeza kwamba ingawa cheo cha askofu ni kikubwa kuliko cha padre, yeye Augustino katika mambo mengi yu chini ya Yeronimo, na yu tayari kusahihishwa naye. Makanisa mengi baadaye yalifuata maelezo ya Augustino.

Yatupasa sasa kwenda Korintho, ambako neno hekima lilipigiwa kelele kuliko mahali po pote. Mji ule ulibomolewa na Warumi mwaka 146 K.K., ukakaa ukiwa karibu miaka 100, hata Julius Kaisari akaujenga tena mwaka 44 K.K. Ulikuwa kati ya bandari mbili, Lechaeum upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki, na watu wake wengi walikuwa wageni, wachuuzi, mabaharia, na watumwa walioachwa huru waliokuwa wakijitafutia heshima. Mahali kama hapo mtu hupanda kwa ulimi. Wasemaji hodari walikuwa na wafuasi, na wafuasi walishindana kwa ajili yao. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na miezi 6, na wakati wake wajulikana vema, kwa kuwa jiwe lililopatikana Delphi lina barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio, liwali aliyeletewa mashtaka ya Paulo. Kwa jiwe hilo yajulikana ya kuwa Galio alitawala huko kama mwaka 51.

Paulo alipokwisha kuondoka, Wakorintho waliingiza desturi yao kanisani. Wengine walijiita wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa, ambaye ndiye Petro, na wengine walijiita wa Kristo, kana kwamba Kristo naye ana chama chake kidogo. Paulo aliwaandikia kutoka Efeso kama mwaka 54 au 55. Katika sura tatu za kwanza za barua hiyo neno la Kiyunani la hekima laonekana mara 16, na mara nyingi alitamka kwa kejeli. Hakulaumu akili, wala elimu, maana yeye mwenyewe alisoma miguuni pa Gamalieli. Alilaumu ujuzi unaomfanya mtu amtazame ndugu yake kutoka juu. Akawakumbusha kwamba Mwokozi wanayemhubiri alitundikwa msalabani kama mhalifu, jambo ambalo hakuna msemaji hodari angelichagua ili kujipatia sifa, na kwamba huyo aliyesulibiwa ndiye hekima ya Mungu.

Kwa jina hilo la Kristo lilijengwa kanisa kubwa la Konstantinopoli, ambalo Kaisari Justiniani aliliweka wakfu mwaka 537. Watu wengi hudhani kwamba liliitwa kwa jina la mwanamke mtakatifu Sofia. Sivyo, lilikuwa kanisa la Hekima Takatifu. Mbali kidogo, katika mji ule ule, lilikuwako kanisa la Mitume Watakatifu, walikozikwa makaisari. La Mitume lilibomolewa baada ya mji kutwaliwa na Waturuki mwaka 1453. La Hekima bado lasimama, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena.

Naye Apolo, aliyefanywa mkuu wa chama bila kutaka, ana habari nzuri katika Matendo. Alikuwa mtu wa Iskanderia, hodari wa kusema na mwenye kuyajua Maandiko. Alipohubiri Efeso, Prisila na mumewe Akila, mafundi wa kushona hema, waliona ya kuwa kuna mambo bado hayajui. Hawakusimama katika sinagogi wakamwaibisha. Walimchukua kwao wakamweleza. Na huyo msomi wa Iskanderia akajifunza kwa mwanamke mwenye sindano na ngozi mkononi. Baadaye Paulo alimsihi aende tena Korintho, lakini Apolo hakutaka kwenda wakati ule. Sababu haikuandikwa, yawezekana hakupenda kuongeza kuni penye moto uliowashwa kwa jina lake.

Katika sura ya 6 ya barua hiyo Paulo aligusa jambo lililokuwa la aibu zaidi. Ndugu wa Korintho walikuwa wakishtakiana kwa mahakimu wa mjini juu ya mali. Wale waliojisifu kwa hekima kila siku, Paulo awauliza kwa uchungu, je, hamna hata mmoja mwenye hekima awezaye kuamua kati ya ndugu wawili? Kwa Kiswahili swali hilo lauma kuliko kwa lugha nyingine, kwa kuwa hekima isiyoweza kumtoa hakimu hata mmoja yajulikana kuwa imepotewa na shina lake. Katika mahakama za Warumi, tajiri mwenye jina alikuwa na njia ya kushinda ambayo maskini hakuwa nayo. Hivyo yumkini waliodhulumiwa katika kesi zile walikuwa wale wale waliokuwa wadogo kanisani.

Barua ambayo mapokeo husema ni ya Yakobo, yule wa mkutano wa Yerusalemu, yafundisha jambo hilo hilo kwa njia ya mtu wa matendo. Humo hekima huombwa kwa Mungu, naye hutoa bila kumsimanga mwombaji. Humo pia hekima hujulikana kwa mwenendo: penye wivu na kushindana haipo, hata mtu aseme vizuri namna gani. Katika sifa zake limo neno moja la Kiyunani lenye maana ya mtu anayekubali kushawishiwa akiambiwa lililo haki. Yakobo alikuwa amelitimiza neno hilo miaka mingi kabla, alipomsikiliza Petro.

Hegesippus, mwandishi wa karne ya 2, asema kwamba magoti ya Yakobo yalikuwa magumu kama ya ngamia kwa sababu ya kuwaombea watu wake. Kifo chake kiliandikwa na Josephus, mwandishi wa Kiyahudi asiyekuwa Mkristo. Mwaka 62 liwali Festo alikufa, na Albino aliyetumwa mahali pake alikuwa bado njiani. Kuhani mkuu Anano aliiona nafasi hiyo, akakusanya baraza, akamhukumu Yakobo na wengine wapigwe mawe. Josephus asema kwamba watu wa mji waliojulikana kwa haki na kwa kuishika Torati walichukizwa sana, wakapeleka malalamiko, na Anano akaondolewa katika ukuhani baada ya miezi 3 tu. Waliomlilia Yakobo walikuwa Wayahudi wenzake wenye bidii ya sheria, watu ambao angaliweza kuwapoteza siku alipoamua kwa ajili ya Mataifa.

Tena iko barua ya pili ya Petro, ambayo wataalamu wengi wa siku hizi huiona kuwa iliandikwa na mwanafunzi kwa jina lake. Karibu na mwisho wake Paulo aitwa ndugu mpendwa aliyeandika kwa hekima aliyopewa, ingawa, yasema barua kwa unyofu, mengine katika maneno yake ni magumu kufahamika. Ndivyo kanisa lilivyotaka kumkumbuka Petro akimtaja mtu aliyemkemea Antiokia.

Korintho haikutulia. Kama mwaka 96 vijana wa kanisa lile waliwaondoa wazee wao katika kazi bila kosa, na kanisa la Roma likawaandikia barua ndefu ambayo mapokeo husema ni ya Klementi. Iliwaambia waichukue tena barua ya Paulo waitazame, waone aliwaandikia nini zamani juu ya Kefa na Apolo. Ilipelekwa na watu watatu, Claudius Ephebus, Valerius Bito na Fortunatus, walioombwa warudishwe upesi pamoja na habari ya amani. Jawabu la Wakorintho halikuhifadhiwa. Lakini kama mwaka 170, Dionisio, askofu wao, aliwaandikia Warumi kwamba barua ile iliyokuja kwa mkono wa Klementi, yenye kuwakemea babu zao, ilikuwa ingali ikisomwa kanisani Korintho mbele ya watu wote.